Wifi Hatoi Mkono

Nasema mapema nisije nikasingiziwa: siku ile nilikuwa upande wa wifi yangu, si wa mume wangu. Mume wangu ndiye kapteni wa timu ya sataranji ya mtaa wetu, na wifi ni dada yake wa tumbo moja, mkubwa kwake. Kazi ya wifi ni kupiga pasi. Ana chumba chenye dirisha la barabarani na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, na shati likitoka mle mwenye nalo anaona haya kulivaa, lilivyonyooka.

Msimu huo wifi alikuwa akifungwa tu. Asubuhi ya mechi ya mwisho, chai haijaisha, mume wangu akamwambia, "Dada, ukifungwa na leo, nafasi yako nampa mwenzangu wa kazini. Nimeshaongea naye."

"Umeshaongea naye?"

"Ndiyo."

"Haya." Wifi akamalizia chai yake. Aliyepaliwa ni mimi.

Wallahi nilitaka kumrushia kikombe. Huyo huyo wifi ndiye aliyemfundisha kucheza, akimkalisha juu ya ile meza ya pasi, makamasi yanamtoka!

Mechi zilichezwa kwenye ukumbi wa shule, madawati yameunganishwa mawili mawili. Wote walikuwa wamemaliza isipokuwa wifi. Mbele yake alikaa muuza matairi, bingwa wa mwaka uliopita, mtu wa kukohoa kwa madaha. Yeye alibakiwa na mfalme, ngome na askari mmoja anayepanda. Wifi alikuwa na mfalme na ngome, basi. Askari yule akifika mwisho wa ubao anageuka malkia, na wifi kwaheri timu.

Muuza matairi akanyoosha mkono. Kwenye mchezo huu anayekubali kushindwa ndiye anayetoa mkono. Yeye aliutoa ili amharakishe mwenzake. Nikamwona mume wangu kule ukutani anatikisa kichwa, kama anayesema mpe tu, dada, twende zetu.

Wifi akautazama ule mkono. "Wa nini?"

"Tusipotezeane muda, mama."

"Mimi muda ninao."

Watu wakacheka, na mkono ukarudi mfukoni.

Wifi alimweka mfalme wake mbele ya askari, amzibie njia. Ngome akaiweka mstari wa tatu kutoka upande wake, ikawa inakwenda huku, inarudi huku, kama pasi kwenye shuka. Mfalme wa muuza matairi alitaka kuvuka mstari ule aje kumsaidia askari wake. Akajaribu kushoto, hola. Kulia, hola. Wifi hashambulii wala hababaiki. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu nisije nikapiga makofi nikamharibia.

Mwisho jamaa uvumilivu ukamwisha. Akamsukuma askari mwenyewe mpaka kwenye ule mstari. Mume wangu akafumba macho. Wifi akaichukua ngome akaipeleka mwisho kabisa wa ubao, nyuma ya mfalme wa mwenzake, akaanza kumtishia kutoka huko. Ule mraba ambamo mfalme angejificha, sasa askari wake mwenyewe ndiye kaukalia! Akisogea, anatishiwa. Akirudi, anatishiwa. Akiikimbilia ngome kuifukuza, askari anabaki yatima, analiwa, na bila yeye hakuna wa kushinda.

Muuza matairi akaacha kukohoa. Shingo ilikuwa imemlowa jasho. Akanyoosha mkono tena, safari hii kimyakimya.

Wifi hakuushika. "Sema kwa mdomo."

"Sare," akanong'ona.

"Sijasikia."

"Naomba sare, mama!"

Ndipo akampa mkono. Mimi nilipiga ukelele nikatolewa nje, na wala sijuti.

Nyumbani sasa, mume wangu akashindwa kunyamaza. "Bahati tu, dada. Yule kakosea. Ningekuwa mimi ningeshinda."

Wifi akasogeza sahani, akapanga kete vilevile mezani. "Haya, kapteni. Shika upande wenye askari. Ukinishinda, mlete huyo mwenzako."

Mume wangu akakunja mikono ya shati. Chakula kikapoa. Nikakipasha, kikapoa tena. Alijaribu kusubiri, akajaribu kuharakisha, akarudisha kete nyuma na kuanza upya, na wifi anamruhusu tu huku anachokonoa meno. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Sema kwa mdomo."

Akanigeukia mimi. Nikatazama dari.

"Sare, dada."

"Na simu yako iko wapi?"

Alipiga pale pale mbele yetu. "Ndugu yangu, samahani," akamwambia yule wa kazini. "Ile nafasi ina mwenyewe."

Nikampakulia wifi kwanza.