Mume Anayemchumbia Mkewe kwa Noti ya Dola

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji bado inaanguka mjini Butte, Montana, na Verna Harrity anamvua mumewe koti mlangoni mwa mkahawa anakohudumu. Anamkalisha kwenye kiti cha mwisho cha kaunta, karibu na jiko, na kumwekea kahawa na pasti, andazi la kuokwa lililojazwa nyama. Kisha anajifunga aproni.

"Asante, dada," anasema mzee. "Wewe mgeni hapa?"

"Nina miaka arobaini na mitatu hapa."

"Ajabu! Sijapata kukuona."

Emmett Harrity alifundisha Kilatini katika sekondari moja ya mji huu mpaka somo lenyewe likafutwa. Ugonjwa wa kusahau ulianza na funguo, ukahamia kwenye majina ya wanafunzi, na msimu wa baridi uliopita akamsahau hata Verna.

Verna hana wa kumwachia. Makao ya wazee yanataka dola elfu saba kwa mwezi. Mshahara wake na bakshishi havigusi hata nusu. Mwenye mkahawa alimwambia, "Mlete tu, mama. Kiti kipo."

Wateja wa asubuhi wanapopungua, Emmett anatoa noti ya dola moja, anaigeuza nyuma na kuinyoosha kwa kiganja.

"Dada, unajua hapa pameandikwa nini?"

Milo Radovich, dereva wa gari la kusukuma theluji, anadakia kutoka meza ya pili. "Mzee, hilo jicho juu ya piramidi ni la watu wa kodi. Linanitazama mimi!"

"Na likutazame, pengine una lako," Emmett anamjibu, na mkahawa mzima unacheka. "Hilo ni jicho la Mungu, bwana. Na piramidi haina kilele kwa sababu walioianzisha nchi walijua hawataimaliza wao."

Kidole chake kinapanda kwenye maneno yaliyo juu ya jicho: *Annuit coeptis.*

"Ameyakubali tuliyoyaanza," anamwambia Verna, sauti ikishuka. "Lakini Kilatini kina utamu wake. Kinasema ameitikia kwa kichwa."

Verna anajifanya anasikia kwa mara ya kwanza. Ndivyo alivyochumbiwa. Mwaka wake wa kwanza hapa, mwalimu kijana alikuwa akimwachia dola kila Jumamosi, neno moja limezungushiwa penseli, ili atafute maana yake kabla hajarudi.

"Nilikuwa namkimbilia padri," anasimulia. "Mwishowe padri akasema, 'Mwambie huyo kijana akuoe, nimechoka kutafsiri!'"

Siku ya posa, Emmett alizungushia maneno yale ya juu ya jicho, akasimama mlangoni akingoja. "Sauti haikutoka," anasema Verna. "Nikaitikia kwa kichwa."

Anafuta kaunta mahali ambapo tayari ni pasafi.

"Watu huniambia nishukuru, angalau bado ninaye. Ni kweli. Lakini nina hamu naye, naye yuko pale anakunywa kahawa. Natamani aniite jina langu mara moja tu, hata akiwa ananigombeza."

Juma lililopita Emmett alimuuliza kama ameolewa. Verna, bila kufikiri, akasema ndiyo.

"Uso ulimsawijika. Akasema mume wangu ana bahati. Tulipofika nyumbani akagoma kuingia. Amesimama kwenye theluji, ananiambia, 'Hapana, dada. Mumeo atasemaje?' Ilibidi nimwite jirani anisaidie kumwingiza."

Mwezi wa sita, barabara zikifunguka, Verna atachukua likizo yake ya kwanza baada ya miaka mingi. Atampeleka Emmett kwenye Ziwa Flathead, walikokwenda fungate. Hatarajii akumbuke chochote. Anataka tu wakae wawili kando ya maji, bila aproni, bila wateja.

"Na akiniuliza tena," anasema, akimtazama mzee anayekunja noti yake taratibu, "nitamwambia sijaolewa."