Mhakiki wa Ghorofa ya Kumi na Nne

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao hapa Toronto, na nikapangiwa mzee mmoja Mrusi aliyekaa ghorofa ya kumi na nne huko St. James Town. Nilikwenda kwake siku tatu kwa wiki, kumsaidia kuoga, kumpikia chakula cha mchana na kuhakikisha amemeza dawa zake. Jina lake lilinishinda kutamka. Binti yake alikuwa ameniambia kwamba baba yake amefundisha karibu maisha yake yote, kwa hiyo siku ya pili nikamwomba ruhusa nimwite Mwalimu.

"Huko kwenu mwalimu anaheshimiwa?" akaniuliza.

"Mshahara wake mdogo, lakini kila mtu anamwamkia."

"Basi ni kama kwetu. Niite hivyo."

Tulizungumza Kiingereza. Chake alijifunza vitabuni akiwa mtu mzima, changu kilitoka shule za Tanzania, na kila mmoja alimsubiri mwenzake atafute neno. Nadhani ndiyo maana tulisikilizana vizuri.

Alikuwa amefundisha fasihi katika chuo cha ualimu cha mji mdogo kando ya mto, mbali sana na Moscow, na kila wiki aliandika uhakiki wa vitabu katika gazeti la mkoa. "Mji wetu ulikuwa na waandishi kumi na mmoja," aliniambia nikimkatia viazi. "Tulikutana sokoni, kwenye basi, kwa kinyozi. Mhakiki wa mji mkubwa anaweza kujificha. Mimi nilisema jambo Jumanne, Jumatano nikapanga foleni ya mkate nyuma ya mtu niliyemsema."

Mmoja wao, mwenyekiti wa chama cha waandishi wa mkoa, aliandika riwaya nene kuhusu shamba la ushirika. Mwalimu akaandika kwamba ndani ya kitabu kile matrekta yalikuwa na uhai kuliko watu. Mwezi haukuisha, akaondolewa chuoni na kupelekwa kufundisha shule ya kijiji, mwisho wa reli. Alikaa huko miaka minne.

Nilimpa pole. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Ndiyo miaka yangu mizuri. Wanafunzi wa chuo walijua jibu ninalotaka na walinipa lile lile. Watoto wa kijiji hawakujua. Nikilazimika kuuliza kitu ambacho hata mimi sikijui, ndipo darasa linaanza."

"Na yule mwandishi?"

"Alinifuata kijijini kwa treni, saa tisa nzima, na riwaya yake ya pili kwenye mkoba. Alitaka niisome kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa mbaya kidogo kuliko ya kwanza. Nikamwambia. Akalala kwangu, asubuhi tukala mayai, akaondoka. Tuliandikiana barua mpaka alipokufa."

Wakati huo nilikuwa pia nafundisha Kiswahili kila Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa letu, Downsview. Wanafunzi walikuwa watoto wa familia za Burundi na Kongo, pamoja na Wakenya wachache. Nyumbani Tanzania nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikadhani kazi itakuwa rahisi. Nilisema kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza. Nilipomlalamikia Mwalimu, aliomba aje aone. Binti yake akamleta kwa gari, tukamkalisha nyuma, koti limefungwa mpaka kidevuni.

Kipindi kilipokwisha nikamuuliza ameonaje. Nilitegemea anisifu kidogo.

"Sijaelewa neno hata moja," alisema, "lakini nilitazama saa. Wewe umezungumza dakika arobaini. Wao wamezungumza mbili."

Niliumia, sitaficha. Wiki nzima nilimpikia supu bila kupiga naye hadithi. Yeye alikunywa supu yake na kushukuru kama kawaida, wala hakufuta neno lake hata moja. Ilipofika Ijumaa nilikuwa nimekwisha kubali moyoni kwamba alisema kweli.

Jumamosi iliyofuata sikuandika kitu ubaoni. Niliwasimulia watoto habari ya shangazi yangu. Kaka yake mmoja alitoweka miaka kumi na miwili bila hata barua, kisha siku moja akatokea mlangoni. Shangazi alimtandikia mkeka, akampakulia wali na maharage, akakaa kumtazama, asimwambie neno mpaka sahani ilipokwisha. "Alifanya vizuri?" nikawauliza. "Mimi mpaka leo sijui." Na kweli nilikuwa sijui.

Kisha Mkenya mmoja akasema hata yeye asingemsalimu mtu kama huyo. Mwingine akabisha. Msichana wa Kikongo wa miaka kama kumi, ambaye tangu aanze hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili, akasimama na sweta yake nyekundu.

"Hapana. Huyu muntu alikuwa na njaa. Chakula kwanza. Maneno itakuja nyuma."

Wakaanza kubishana wote, wakichanganya kila lugha waliyokuwa nayo, na Kiswahili kikiwa katikati. Mdomo uliniwasha nimsahihishe yule msichana. Nikajizuia.

Mwalimu alikuwa amekuja tena. Tukiwa garini akaniuliza, "Yule wa sweta nyekundu alisema nini?"

Nikamtafsiria. Akatazama nje, barabara na maghala yanapita.

"Mfuatilie huyo," akasema. "Ni mhakiki."

Alikuja Jumamosi nyingi baada ya hapo. Watoto walizoea kumwamkia shikamoo, naye akajifunza kuitikia marahaba kwa sauti nzito iliyowachekesha. Baadaye binti yake alinunua nyumba Richmond Hill, nje ya jiji, akahamia naye huko, na mhudumu mwingine akapewa kazi yangu. Niliendelea kumtembelea kila baada ya wiki mbili, safari hii kama mgeni. Niliandika habari ya shangazi kwa Kiingereza nikampelekea. Akanirudishia imejaa kalamu nyekundu, na ukurasa mzima wa mwisho umekatwa kwa mstari mmoja. Nilisoma upya nikiwa kwenye basi la kurudi. Ukurasa ule kweli haukuhitajika, nikajikuta natabasamu peke yangu mpaka kituo cha mwisho.