Shafti ya Kulia

Harufu ya oili ya difu ndiyo iliyonipokea Ubelgiji. Nilikuwa nimesafiri siku tano: lori kutoka Bukavu hadi Kigali, basi hadi Kampala, kisha ndege mbili, nimevaa koti la mjomba lililonifika magotini na bahasha ya karatasi zangu nimeikumbatia hata chooni. Baba sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Kwenye uwanja wa ndege wa Brussels niliitafuta sura niliyoikumbuka nikaikosa, hadi mtu mmoja mwembamba aliponivuta kifuani, na koti lake likanuka oili ile nzito inayokaribia mayai yaliyooza. Nikajua ni yeye. Bukavu alikuwa fundi magari, na mama alizifua nguo zake mbali na zetu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Tulikaa chumba kimoja, ghorofa ya sita, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, Brussels. Mama alibaki Bukavu. Ili mama aruhusiwe kutufuata, baba alihitaji mkataba wa kazi, na hakuna gereji iliyompa zaidi ya kibarua cha siku, kwa kuwa hakuwa na cheti wala Kifaransa. Mimi nilikuwa nacho, Kifaransa cha masista wa shule yetu, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza nikawa mdomo wake: manispaa, kwa daktari, dukani. Yeye alisema sentensi, mimi nikaitoa upande wa pili. Alipouliza jambo ambalo kila mtu pale alilijua, watu walinitazama mimi, si yeye, na shuleni nilikuwa nimekwisha kuchekwa vya kutosha.

Mwaka ule baridi ilipoanza kulegea, baba alipata kibarua Uccle, kwa mzee Mbelgiji aliyewahi kulima kahawa kwetu Kivu. Baba alimwita Patron, yaani bwana mkubwa. Kiswahili cha mzee kilikuwa zaidi cha kuamrisha: lete, shika, ondoa. Alikuwa na gari la zamani la Kimarekani, jekundu, refu kama mashua, lenye injini ya silinda nane iliyotetemesha vioo vya jirani. Injini iliizidi nguvu ekseli ya nyuma. Kila mzee alipokanyaga mafuta kwa furaha, meno ya difu, yaliyomo ndani ya ekseli hiyo, yalisagika. Bei ya ekseli mpya kutoka Amerika hakutaka hata kuisikia. Lakini mpwa wake alikuwa na gereji, na angekuja kula Jumapili. Gari likitembea siku hiyo, baba atapata mkataba kwa mpwa huyo.

Baba alikuwa na mbinu ya watu wasio na pesa. Kwenye yadi ya magari mabovu, aliyoiita casse, alipata ekseli ya pikapu iliyopinduka, ngumu kuliko ile ya gari jekundu lakini pana mno. Alinichorea kwa chaki sakafuni.

"Angalia, fils. Kichwa yake, ile difu, iko pembeni. Mukono ya kushoto ni murefu, ya kuume ni mufupi. Nitakata ile murefu, zikuwe sawa. Donc, shafti za ndani, natia ya kuume huku, natia ya kuume huku. Deux fois ya kuume. Umesikia?"

"Ndiyo, papa."

"Bon. Tuko na moja. Pigia ule muntu wa casse simu, atutolee ingine ya kuume. Iko na pikapu ingine sawa hii, lakini vendredi, Ijumaa hii, wanaiponda."

Nilipiga simu jikoni kwa Patron, huku baba kwenye gereji ya nyumba ile akikata chuma kwa mashine inayopiga kelele. Nikasema shafti ya kulia. Mtu wa yadi akanirudishia swali.

"Ya kulia? Mdogo wangu, ya kulia mnayo tayari, nimewauzia mwenyewe. Baba yako hajui kwamba gari lina pande mbili?" Akawarudishia wenzake maneno hayo, na nikasikia chumba kizima kikicheka.

Nilielewa mchoro wa chaki. Ningeweza kumweleza kwa sentensi mbili. Masikio yaliniwaka moto, nikasema: "Pardon, nimekosea. Ya kushoto." Nilijiambia kwamba namlindia baba heshima yake. Nilikuwa najilinda mimi.

Jumamosi kijana wa yadi akaleta gunia, akaliweka mlangoni na kuondoka. Baba alilifungua mbele ya Patron, akaisimamisha shafti kando ya ekseli aliyokwisha kuikata na kuichomelea. Ilizidi kwa kiganja kizima. Pikapu ya pili ilikuwa imepondwa tangu jana yake. Patron akasoma karatasi iliyofungwa kwenye chuma.

"Imeandikwa kushoto. Nani alisema kushoto?"

Baba aliniangalia. Kisha akafuta mikono.

"Ni miye, Patron. Nilichanganya."

"Fundi ya miaka vingt, makumi mbili, na hujue mukono yako ya kushoto!" Mzee akacheka hadi akakohoa. Kicheko kile kile nilichokikwepa kwenye simu kilimfikia baba uso kwa uso, naye akakipokea ameinamisha kichwa, na mimi nilikuwa hapo, nimenyamaza. Mpwa alikuja, akalikuta gari juu ya magogo, akala, akaenda zake.

Baba hakunipiga wala hakuniuliza. Akapata kazi ya kusafisha makao ya wazee Auderghem, saa chache kwa wiki, na mama alisubiri miaka minne mingine. Ila tangu Jumamosi ile hakunituma tena kumsemea. Alikwenda ofisini peke yake, na maneno ya Kifaransa aliyoyaandika mwenyewe kwenye kikaratasi.

Sasa nimevuka arobaini, na nimehama miji mingi kuliko ninavyoweza kueleza sababu zake. Mara nyingi nimekula kwa kuwatafsiria wageni hospitalini na mahakamani. Ninasema kila neno, hata lile linalosikika la kijinga, na watu hunisifu kwa uaminifu huo. Sifa hiyo siwezi kuizoea.

Niliondoka Brussels moja kwa moja nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba alinisindikiza hadi stesheni ya Gare du Midi akiwa na sare yake ya usafi. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia juu ya ile simu. Hatukuliona jukwaa la treni yangu. Nikafungua mdomo nimwulize mfanyakazi wa reli, lakini baba alikuwa amekwisha kumwendea. Mtu yule hakumwelewa, akatabasamu, akamwomba arudie. Akarudia polepole, neno moja moja, amesimama wima, na mimi kando yake na Kifaransa changu chote mdomoni.