Nyasi ya Shimo la Kumi na Moja

Nilipoachia shule darasa la nane, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusawazisha mchanga kwenye uwanja wa gofu wa klabu moja ya zamani, nje ya Kitengela. Ukutani ndani ya jumba la klabu kulikuwa na picha za wazungu wa masharubu wameshika vikombe. Nikipita hapo nilikuwa naota picha yangu iko katikati yao, nimeshika reki.

Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa. Kajiado nzima ikawa vumbi, kijani kikabaki kwetu tu kwa sababu ya bwawa. Jirani yetu, mama mmoja Mmaasai, alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja. Msimamizi wetu, mzee Mkamba aliyetunza ile nyasi tangu ujana wake, alimwachia pengo kwenye ua. Kila asubuhi, kabla wachezaji hawajafika, mama alimpitisha ng'ombe hapo kwenda kunywa. Wakubwa hawakujua.

"Takwenya," mzee alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," mama aliitikia.

"Ambia huyu mwanachama wetu asikanyage grini," mzee aliongeza, akimwonyesha ng'ombe.

Mama alicheka kila siku, kama ameisikia mara ya kwanza.

Siku mbili kabla ya mashindano makubwa, kamba ya ng'ombe ilikatika. Ng'ombe akaenda moja kwa moja hadi grini ya shimo la kumi na moja, ile nyasi laini inayozunguka shimo lenyewe, akasimama hapo akila. Kabla hatujamtoa, kapteni wa klabu akatokea. Alikuwa amekuja kukagua.

"Hii imetoka wapi?"

Mzee alivua kofia. "Ni mimi nimeacha njia, bwana. Huyu mama ako na ng'ombe moja tu, na maji iko hapa."

"Hilo pengo lizibwe leo."

Nilimtazama yule ng'ombe. Mbavu zake zilihesabika. Bila bwawa hangemaliza wiki.

Mama hakujua Kiswahili kingi, lakini uso wa kapteni aliusoma. Akachuchumaa palepale. Nyasi ya grini hukatwa fupi kama nywele za mwanafunzi, haishikiki, basi akachimba kwa kucha, akang'oa bonge zima na mizizi yake, akamnyooshea kapteni kwa mikono miwili. Kwato zilikuwa zimeacha alama ndogo tu. Hili alilochimba mama lilikuwa shimo la kutosha kuweka sufuria.

"Sasa anamalizia ng'ombe kazi?" kapteni akauliza.

Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu machozi yakanitoka.

"Pokea, bwana," mzee akasema polepole. "Kwao, mtu akikukosea anashika nyasi. Anakuomba msamaha."

"Na nyasi yangu mwenyewe?"

"Angetoa wapi ingine?"

Kapteni akaangalia ng'ambo ya ua. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka hadi upeo wa macho. Kisha akapokea lile bonge kwa mikono miwili, vile alivyopewa.

"Na nikishapokea?"

"Ugomvi umeisha."

"Na pengo?"

Mzee alikunja kofia yake, akaikunjua.

"Weka mlango hapo," kapteni akasema. "Na mtafutieni kamba ya maana."

Tulirudishia lile bonge tukalishindilia, lakini siku mbili hazitoshi nyasi kushika. Kwenye mashindano, mpira wa kapteni mwenyewe ulifika pale, ukaruka kidogo, ukapita kando ya shimo. Mimi nilikuwa karibu, reki yangu mkononi, nikaangalia chini.

Aliguna, akausukuma mpira shimoni, akauokota, akaja upande wangu.

"Ng'ombe ako aje?" akaniuliza.

"Amekunywa leo," nikamjibu.