Wa Tatu Kutoka Kushoto

Siku tuliyopigwa ile picha tulikuwa na maji. Lori la maji lilikuwa limefika kambini kwetu Somalia baada ya siku nne za kungoja, na kila mtu alikuwa anafua. Mimi nilikuwa koplo wa redio, mwanamke peke yangu kati ya watu kumi na wawili. Nilikuwa nimeanika soksi kwenye waya wa antena, na Luteni wetu aliziona akapita tu. Kisha akatuita tusimame mbele ya lori atupige picha, kwa sababu hakuwa amewahi kutuona wote tukiwa safi.

Mutua alisimama wa tatu kutoka kushoto, povu la sabuni bado liko sikioni. Alikuwa mtoto wa mkulima, kwao ni kupita Thika, barabara ya Garissa. Alituchosha sana kwa kuimba nyimbo za kwaya akiwa kwenye lindo.

Saa tisa mchana lori likaondoka. Halikufika mbali.

Tulisikia mlipuko, halafu risasi. Mutua alikuwa kwenye lindo la mashariki, lililokuwa karibu zaidi na barabara. Dereva alikuwa hai. Nilimsikia kwenye redio akimwita mke wake.

Luteni alikuwa amelala kifudifudi kando yangu. "Mwambie Mutua atoke, akamchukue dereva."

Nikabonyeza redio. "Mutua, toka. Kamchukue dereva. Ni amri ya Luteni."

"Naenda, Koplo."

Akaenda.

Nilimwona akifika kwenye lori. Nilimwona akimvuta dereva na kumsukuma mtaroni. Kisha moshi ukafunika barabara.

Lindo la mashariki sasa lilikuwa tupu. Adui waliingia kupitia hapo, wakaua wenzetu wawili kabla hatujawarudisha nyuma.

Moshi ulipoisha, dereva alikuwa mtaroni. Mutua hakuwepo. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Dereva naye alikufa baada ya siku mbili bila kusema neno.

Wakubwa walikuja kuuliza nani aliacha lindo wazi. Luteni aliwaambia hakutoa amri yoyote; Mutua alikuwa ametoroka. Kisha akanijia na karatasi iliyosema sikupeleka amri yoyote. "Koplo, redio ilikuwa na kelele nyingi. Pengine ulisikia vibaya."

Sikuwa nimesikia vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitaka kurudi nyumbani. Nikaweka sahihi.

Mwezi uliopita Luteni, ambaye sasa amestaafu, alitualika sisi tuliobaki kwenye ukumbi mmoja mjini Thika. Alikuwa ameikuza ile picha, anataka tutambue kila sura ili majina yachapishwe chini yake na isomwe sala.

Kabla ya siku hiyo nilitoka kwangu Membley, Ruiru, nikaenda hadi kwa mamake Mutua. Nilimkuta akipura maharagwe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuthubutu kukaa kabla hajajua.

Aliacha kupura. "Baba yake alikufa akijua mtoto wake ni mwoga," akasema. "Hapa sokoni wananiita mama ya mtoro. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Ruiru, Mama. Nilikuwa naogopa."

"Sijakusamehe." Akajifunga leso yake vizuri. "Hiyo mkutano ni lini?"

Tulienda pamoja. Luteni alikuwa akitaja majina huku kijana wa kuchapisha akiandika. Wa kwanza. Wa pili. Alipofika kwa wa tatu akapita.

"Huyo acha nafasi. Tunajua habari yake."

Nikasimama. "Huyo ni Mutua. Alitoka lindoni kwa amri yako. Mimi ndiye niliyeipeleka."

Kijana akashusha kalamu.

"Koplo, uliweka sahihi," akasema Luteni.

"Niliweka. Ulikuwa uongo, wako na wangu."

"Unajua unaweza kushtakiwa?"

"Nishtakiwe. Nitasema hivi hivi mbele ya jaji, na wewe ukiwa umeketi pale."

Mama akainuka, akamwambia yule kijana, "Andika. Mutua. Mimi ndiye nilimzaa." Kijana akamwangalia Luteni, kisha akamwangalia Mama. Akaandika.

Nimeshapeleka maelezo mapya kwa wakubwa, yakiwa na jina langu kamili. Hawajajibu. Nitapeleka tena.

Sijui kama ile amri ilikuwa mbaya. Pengine kama Mutua angebaki lindoni, wale wenzetu wawili wangekuwa hai, na dereva angekufa palepale akimwita mke wake. Vitani mtu huamua haraka na watu hufa. Hilo naweza kulibeba. Lakini baada ya risasi kunyamaza tulikuwa na muda wote wa dunia, na tukautumia kuzika jina la mtu kwa aibu badala ya mwili wake.

Jumapili iliyopita jina lake lilisomwa kanisani kwao. Mamake alikaa benchi la mbele. Mimi nilikaa nyuma, na hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Ni haki yake. Nitaenda tena Jumapili ijayo.