Matawi Mbele ya Lupango Yangu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeuza samaki wa ziwa Tshangalele nikiwa peku, nimesukuma pusipusi ya mizigo sokoni mpaka mabega yakaota sugu, nimenunua mawe ya shaba Kambove kwa watu ambao mchana wanakuuzia na jioni wanakuibia yale yale. Leo nina kamiyo mbili za kubeba mizigo na duka la sementi. Shule niliiacha mapema, mwalimu alikuwa ameishiwa na mambo ya kunifundisha. Muulize mtu yeyote hapa Likasi, atakuambia.

Kwa hiyo siku ile msichana wa universite ya Lubumbashi alipoingia dukani na kusema anataka kuniuliza habari za maisha yangu, sikushangaa. Nilijiuliza tu kwa nini wamechelewa.

Kweli alisema zaidi ya hayo. Alisema anasomea kazi ya kuhudumia jamii, na utafiti wake unahusu wazazi waliofiwa na watoto: daktari aliwaambia nini, muuguzi aliwapokea namna gani, watu wa ofisi waliwatendea vipi. Mama mmoja wa kanisa letu ndiye aliyemtajia bibi yangu, mama wa watoto wangu. Mimi nilisikia universite, nikasikia utafiti, nikajua mwisho wake ni kitabu. Hayo mengine nilifikiri tutayapita haraka.

"Papa, ni mazungumzo madogo tu," alisema. "Wewe na mama, pahali penye utulivu."

"Utulivu utaupata, binti. Kuja Jumamosi."

Mtu wa cheo changu hapokei universite kwenye kiti kimoja kilichovunjika mguu. Nilikodi viti vya plastiki, vya buluu, vikajaa uwanja mzima, na turubai kubwa la kuzuia jua. Majirani wavione. Halafu nikakumbuka vumbi. Ilikuwa kiangazi, na kamiyo za mawe zinapita mbele ya lupango yangu, kiwanja chenye nyumba yangu, kama zinafukuzwa na shetani. Nikamwambia dereva wangu akate matawi ya miti, ayalaze barabarani, huku na huku mbele ya mlango, ili kamiyo zipunguze mwendo. Akili hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, sikusaidiwa na mtu. Na kweli, kamiyo ya kwanza ilipofika ilitambaa kama kinyonga, dereva akavua hata kofia.

Mtu yeyote wa huku anajua turubai, viti na matawi barabarani ni alama ya nini. Mimi pia najua. Lakini siku hiyo nilikuwa nafikiria vumbi.

Msichana alifika, akaviangalia vile viti, akasema, "Papa, watu wengine watakuja?"

"Hapana. Ni vyako. Chagua."

Akakaa. Akaweka mezani kimashine cha kukamata sauti na pakiti ya vitambaa vya karatasi. Akatueleza kwamba tukiumia tunaweza kusimama wakati wowote. Nikamwambia mimi sijawahi kusimama, ndiyo maana nina kamiyo mbili. Bibi yangu alikaa pembeni, mikono katikati ya magoti.

"Mama, tuanze na wewe?"

Nikajibu mimi. Nilianzia kwenye samaki. Nilikuwa nimefika kwenye pusipusi msichana aliponikata maneno, kwa adabu sana: "Papa, nani alikuambia kwamba mtoto amefariki?"

"Mtu wa kesi," nilisema.

"Polisi?"

"Hapana, kesi ya hospitali. Pale wanapolipia."

Akaacha kuandika. Ikabidi nimweleze. Mtoto alikuwa wetu wa kwanza. Nilikuwa natoka Mwadingusha na mzigo wa samaki, nikaambiwa njiani bibi ameingia maternite kujifungua. Nilienda moja kwa moja kwenye dirisha la kulipia, maana mwenye pesa anaanzia hapo. Yule bwana wa kesi akapiga hesabu, akacheka vizuri, akaniambia: "Papa, weye iko na bahati. Bei imepunguka. Ile ya mutoto nimeitosha kwa hesabu."

"Na wewe ulifanya nini?" msichana aliuliza, sauti imekuwa ndogo.

"Nilimshukuru. Nilimpa na samaki mmoja, mkubwa. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikaelewa."

Nilitaka kuendelea na habari ya jinsi nilivyonunua kamiyo ya kwanza. Bibi yangu ndiye aliyesema. Sijui kama aliwahi kunikata maneno kabla ya siku hiyo.

"Minye, mama yake, muuguzi aliniambia: Usilie, mama, utaamsha batoto ya benzako." Akatoa mikono katikati ya magoti. "Basi sikulia."

Hapo msichana akachukua vitambaa alivyotuletea sisi, akaanza kuvimaliza yeye mwenyewe. Alilia kwa sauti, bila haya, mtu mwenye masomo yote yale. Nje, mama anayeuza mandazi karibu na mlango wangu aliona turubai, akaona matawi, akasikia kilio. Akaweka beseni chini, akashika kichwa: "Yoooo! Mama yangu ye!"

Kwetu huulizi mlangoni ni nani amekufa. Unaingia ukilia, unakaa, ukishatulia ndipo unauliza. Kwa hiyo waliingia. Kwanza mama wa mandazi, halafu majirani, halafu wamama wa kanisa wakiwa tayari na wimbo. Wanaume walikaa karibu nami, mkono shavuni, mmoja mmoja wakinishika mkono: "Pole, patron. Jikaze." Nilifikiri wamekuja kuiona universite. Nikawaambia, kwa furaha, "Karibuni, karibuni! Viti ni vingi!" Wakaangaliana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huzuni imenipanda kichwani.

Ndipo akafika shemeji yangu wa Kambove. Aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, akajitupa chini katikati ya uwanja: "Yooo, shemeji yangu! Muntu ya roho muzuri! Alinilisha! Alinivalisha! Nani atanikopesha sasa?" Akainua uso, akanikuta nimekaa mbele yake.

"Ah! Weye iko muzima?"

"Minye niko muzima! Nani alikuambia nimekufa?"

"Banasema matawi iko kwa patron! Nimelia toka Kambove mpaka hapa, na pikipiki ya bei yote ile!"

"Na ule uzuri wangu uliokuwa unausema?"

"Ule nilisema ya maiti, shemeji. Sasa nani alikufa?"

Wimbo ukakatika. Uwanja mzima ukanigeukia. Nikainua mikono ili niseme hakuna, ni vumbi tu, rudini makwenu. Bibi yangu akasimama. Akafungua kitambaa cha kichwa, akaketi chini kwenye udongo, miguu amenyoosha, kama mfiwa anavyoketi.

"Ni mutoto yangu," alisema. "Wa kwanza." Na akataja jina.

Sikujua kwamba alikuwa na jina. Sikushangaa. Nilikohoa tu.

Mama mmoja mzee, kiongozi wa wamama wa kanisa, alivuta mdomo. "Mama, ule wa maternite? Siku mingi vile? Mutoto mwenye hakulia, hapana kumuwekea kilio. Wamama banazika, banarudi, inaisha." Na kwa kweli desturi ni hiyo. Ndivyo walivyofanya wakati ule, mimi nikiwa nimeenda kushusha samaki. Watoto wengine walikuja baadaye, wazima, na hakuna aliyelizungumza tena.

"Patron," akasema mwanaume mmoja, akianza kunyanyuka, "tuende?"

Bibi yangu hakuniangalia. Aliangalia chini, mbele ya miguu yake, akisubiri, kama mtu aliyeambiwa mara moja asilie na sasa anangoja kuambiwa mara ya pili.

"Mwende wapi?" nilisema. "Viti nimelipia mpaka kesho. Lupango ni yangu, turubai ni yangu, mutoto ni wangu. Nani atanifundisha kilio hapa? Kaeni! Na nyinyi wamama, ule wimbo mmeuacha katikati."

Wakakaa. Na bibi yangu akalia. Sitaeleza namna alivyolia. Msichana akaniuliza kama azime kimashine chake, nikamwambia aache.

Lakini kilio bila chakula ni matusi, na mimi sijatukana mtu katika maisha yangu bila kukusudia. Unga ukaja, maharagi yakaja, samaki, majani ya sombe, sukari, makala ya kupikia. Msichana alijaribu kueleza kwamba walimu wake wamemkataza kuingilia mambo ya watu anaowatafiti. Wamama walimsikiliza mpaka mwisho, wakampa mwiko wa kusonga bukari. Shemeji alikula kuliko wote. Aliniuliza kama yale machozi ya Kambove nitayahesabu kwa mtoto au nitayaweka akiba kwa ajili yangu.

Kesho yake bibi akasema anataka msalaba.

"Kaburi tutalijulia wapi?"

"Najua pahali," alisema. "Ninaendaga."

Nikakohoa tena. Sementi ilitoka dukani kwangu. Fundi wa kuchomelea vyuma alitoza kwa herufi, na jina ni fupi, mama yake alichagua vizuri. Akauliza tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Bibi akamjibu ni moja, aiandike mara moja. Yule fundi akaandika mbili na akanitoza moja.

Mimi najua kila kitu changu kimenigharimu nini, ndivyo nilivyofika hapa. Kwa mtoto huyu, bwana wa kesi alinipunguzia dola kumi na mbili. Sasa piga hesabu ya viti, turubai, chakula cha siku mbili, pikipiki ya shemeji kwenda na kurudi, chuma, herufi, sementi kwa bei ya dukani maana sijipunguzii, na pakiti mpya ya vitambaa vya karatasi kwa msichana wa universite: dola mia tatu sabini na mbili, na franka elfu mbili mia tano.