Stempu Iliyonukia Alhamisi

Wiki iliyopita nilikuwa napita nyuma ya msikiti hapa mjini Kisumu nikitafuta nyanya, moshi wa ubani ukanipiga puani, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau kwao. Kijana wa mkokoteni akaniambia, "Mathe, songa basi, hii si njia ya kulala." Nikasonga. Hasira ilinipanda, lakini haikuwa ya kijana huyo. Ilikuwa hasira ya zamani, ya stempu za Krismasi na ya mama yangu mzazi, ambaye nampenda sana na ambaye, niwaambie ukweli, hajawahi kunichosha kama alivyonichosha mwaka ule.

Tuliishi kwenye nyumba za safu, zile za ukuta mmoja kugawana familia mbili. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi Mama Zuhura, aliyekaanga mahamri ya kuuza asubuhi. Mwanawe Zuhura nilikaa naye dawati moja shuleni, tukagawana kifutio, chawa na siri zote. Kila Alhamisi jioni mama yake alitia makaa kwenye chetezo, kile kibakuli chake cha udongo, akaweka ubani juu yake, na moshi ukapenya kila tundu la nyumba yetu. Na kila Alhamisi Mama alifunga madirisha, akaisokota leso akaziba chini ya mlango, akaanza kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyofukuza hata kuku.

"Anaita majini," alisema. "Wewe Atieno, nisikuone huko."

Nilikuwa naenda. Nani asingeenda? Kule kulikuwa na mahamri na Zuhura. Taabu ilikuwa kurudi. Mama alinisubiri mlangoni, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanusa nywele zangu kama anayechagua samaki sokoni. Akiipata harufu, nilisuguliwa kwa sabuni ya mche mpaka macho yakawasha kama pilipili. Duniani nilitaka kitu kimoja tu wakati huo: kuruhusiwa kuingia nyumba ya rafiki yangu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na kurudi nyumbani bila kunuswa.

Basi Desemba ile ikaja bahasha kutoka Ulaya. Mama mdogo Akoth, dada yake Mama, alikuwa nesi huko, na kila Krismasi alituandikia. Safari hii bahasha ilikuwa na stempu tatu ambazo sijaona mfano wake. Ya kwanza ilikuwa na nyota iliyopakwa dhahabu ikang'aa. Ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa na maajabu. Ukizikwaruza kidogo kwa ukucha, aliandika mama mdogo, zinatoa harufu, moja ya uvumba na nyingine ya manemane, ili mtu anuse kile walichobeba Mamajusi walipoifuata nyota. Mimi nilidhani stempu kazi yake ni kulambwa na kubandikwa tu.

Kanisani kwetu Mama ndiye aliyesoma Mathayo sura ya pili kila Krismasi, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya nafasi hiyo. Akatoa amri: hakuna kukwaruza. Bahasha itaenda kanisani, waumini wote wanuse Bethlehemu. Amri nzuri, ila penye wengi pana mengi. Baba mdogo Ouma, fundi wa saa, alikuja kutusalimia, na Mama alipoingia jikoni kusonga ugali, akaikwangua ile nyota kwa wembe apate kujua kama ni dhahabu kweli.

"Nilikuwa naangalia tu," akasema, na unga wa dhahabu uko pale mezani.

Wakagombana, kisha ugomvi ukahamia kwenye Biblia. Ouma akasema stempu ni tatu kwa sababu Mamajusi walikuwa watatu. Mama akamuuliza ni wapi imeandikwa watatu. Mathayo anataja zawadi tatu, watu hakuwahesabu, wangeweza kuwa hata kumi na wawili. "Basi hao wengine walikuja kula bure," akasema Ouma. Ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Siku ya Krismasi Mama akasoma. Alipofika kwenye dhahabu na uvumba na manemane, akainua bahasha juu. Watu wakapanga foleni kama ya sadaka, wakicheza, kila mmoja akakwaruza akanusa. Manemane hawakuigusa. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amekumbusha kwamba Yesu alizikwa kwa manemane, na nani anataka harufu ya maziko na mwaka mpya uko mlangoni? Kwa hiyo uvumba ukabeba mzigo wote peke yake. Akina mama walifumba macho, wakavuta pumzi, wakasema hiyo ni harufu ya mbinguni. Zamu yangu ikafika nikanusa.

Ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa nyumba ya akina Zuhura, haikupungua wala haikuzidi.

Nikawatazama wale akina mama wa kwaya, majirani zetu wa safu ile ile, waliofunga madirisha jioni zile zile za Alhamisi. Pua zote hizo! Nikamvuta Mama leso nikamnong'oneza, "Hii si ni ile ya Mama Zuhura?" Akanifinya chini ya kwapa, pale pasipoonekana alama.

"Wacha kuharibia watu Krismasi," akasema huku anatabasamu.

Jamani, nilikasirika. Kufinywa nilishazoea. Kilichoniudhi ni kwamba nilijua amenusa. Mtu anayeikuta Alhamisi kwenye nywele za mtoto siku ya Ijumaa, atasemaje haijui?

Mwezi wa kwanza habari za stempu zilikuwa zimefika mbali. Akina mama wa makanisa ya Katito, Sondu na Awasi walikuwa na mkutano wao Awasi, wakamwomba Mama aje nayo. Mama akakubali kabla hata ya kuiangalia. Alipoitoa kwenye Biblia, stempu ya uvumba ilikuwa imekwaruzwa ikabaki karatasi tupu. Alinusa, akanusa tena, akakaa kitandani. Baba alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na ni akina mama hao hao waliokaa na Mama matangani, wakamletea unga, wakamsimamisha mbele kusoma alipokuwa hawezi hata kuamka. Kwenda kwao na bahasha isiyonukia aliona ni aibu kubwa kuliko kufa.

Akaniita jikoni akafunga mlango. "Atieno, si uende kwa Mama Zuhura. Muombe ile kitu yake ya Alhamisi. Kidogo tu."

"Ya majini?"

"Enda, bwana."

Nikaenda, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na nimetumwa. Ningefurahi kama nisingekuwa nimekasirika hivyo. Mama Zuhura alikuwa anakanda unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akafunga vipande vya ubani kwenye gazeti.

"Mwambie mamako jirani haombi, anachukua," akasema. "Na mwambie mimi siiti majini. Alhamisi namsomea dua babake Zuhura, marehemu. Alipenda nyumba inukie. Mwambie aje mwenyewe tunywe chai."

Nikamfikishia Mama yote, neno kwa neno. Aliposikia marehemu, akainuka kutafuta kiberiti. Hakuwa amejua kwamba ubani ule ni wa marehemu, mimi nilijua, lakini nani aliniuliza? Kisha akawasha makaa, akaishika bahasha juu ya moshi akiigeuza kama anayekausha samaki, mpaka ikaingia rangi ya kahawia. Huko Awasi walisema kweli inafanana na kitu cha nyakati za Biblia. Mama mmoja alilia. Mama yangu alirudi na kuku wa zawadi.

"Kwa Mama Zuhura unaenda lini?" nikamuuliza.

"Kesho."

Kesho ikawa na mazoezi ya kwaya. Kesho nyingine ikawa na nguo za kufua. Halafu ikawa baada ya mvua, halafu baada ya Pasaka. Siku nilipomsumbua sana akaniambia, "Na hawa watu wa kanisa wakiniona naingia huko, watasema nini?" Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa langu. Asubuhi moja Zuhura hakuja shuleni. Mwalimu akasema wamehamia Mombasa kwa mjomba wake, wameondoka na basi la usiku. Nikamwambia Mama, akasema watoto husikia vibaya. Jumamosi akanunua sukari na majani ya chai, akafunga kitambaa safi kichwani, akaenda kubisha, safu nzima ikimtazama. Alibisha kwa muda mrefu. Mwishowe mwenye nyumba akaja na funguo, akamfungulia aone mwenyewe kwamba mle ndani hamna mtu. Nikasema moyoni, umeyataka.

Imenichukua nusu ya maisha kuona kile ambacho mtoto hakuweza kukiona: wajane wawili walikuwa wamegawana ukuta mmoja, huyu akimwombea mume wake, huyu akiimba kwa nguvu asimsikie. Mama hakuogopa majini hata kidogo. Aliogopa kuwapoteza wale waliomshika mkono msibani, na hofu hiyo ikamnyima mtu pekee ambaye angemwelewa bila kuelezwa. Naelewa yote haya sasa. Bado nimekasirika. Mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Mama naishi naye siku hizi, na Krismasi hutujia kwa simu, picha juu ya picha, hakuna cha kunusa. Jioni ile niliporudi na nyanya nikamsimulia kuhusu ule moshi. Alisikiliza huku anachambua mboga. Baadaye akaniambia, "Hapo kwa simu si watu hutafutwa? Nitafutie Mama Zuhura. Nina maneno yangu na yeye."

Nikaandika Zuhura, nikaandika Mombasa. Wakatoka akina Zuhura wengi kama omena ziwani, wenye vilemba, wenye miwani, wenye wajukuu.

"Huyo mtoto wacha kwanza," Mama akasema. "Andika jina la mama yake."

Nikashika simu, kidole kikingoja. "Anaitwa nani?"

  Mama akaiweka mboga chini.

"Tulikuwa tunamwita Mama Zuhura," akasema.